Picha ya Kaka Yangu

Aliyenifundisha kusoma ni kaka yangu, na kila silabi niliyoikosea niliilipia kwa shavu.

Nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na tisa. Baba na mama walikuwa wamefuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja, na Kaka, ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkaa vizuri, aliapa kwamba mimi nitasoma nitake nisitake. Jioni akirudi kutoka karakana alikokuwa akijifunza kuchomelea vyuma, ananikalisha chini, anafungua kitabu, anasema, "Soma." Nikisita, kofi. Nikilia, la pili. Halafu ananipangusa machozi kwa shati lake lenye masizi, ananimegea chakula chake, na kulala sakafuni ili mimi nipate kitanda.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama kaka yangu alinipenda, sina jibu fupi.

Nilisoma. Nikawa mwalimu wa fasihi, na walimu wenzangu walizoea kusema nina jicho la wahusika. Mwandishi akiandika tu kwamba bwana fulani aliweka kikombe mezani taratibu, mimi nishajua ukurasa unaofuata kuna damu. Wao walidhani ni chuo kilichonipa. Kumbe kabla sijaijua alfabeti nilikuwa nishajua kusoma namna funguo zinavyoingia kwenye kitasa, namna kiatu kinavyovuliwa, na ule ukimya unaokuja kabla.

Mchoraji alikuja shuleni kwetu kupamba ukuta wa maktaba. Alimchora mwanamke anayeondoka na mtungi begani, ametupa mgongo. Nililitoa darasa zima nje nikaanza kulieleza: mgongo ule ni taswira ya mtu aliyechoka kutazamwa, mtungi ni mzigo wa wote aliowatekea maji. Nilikuwa nimepamba moto hasa, mtu akakohoa nyuma yangu.

"Samahani, Mwalimu. Nimempa mgongo kwa sababu pua zinanishinda."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi sikubali kushindwa mbele ya wanafunzi.

"Andikeni," nikawaambia. "Mwanamume anaficha udhaifu wake nyuma ya mgongo wa mwanamke. Hiyo nayo ni dhamira."

Alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Kesho yake akarudi na penseli, akaomba kuichora pua yangu, eti kwa mazoezi. Mazoezi hayo yalichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Mpaka leo pua ile hajaipatia, lakini kuna siku aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akanitazama, akasahau kuyarudisha. Mimi nami nikasahau kumkumbusha.

Kaka alipopata habari hakupiga kelele. Kelele zake sizo zinazotisha.

"Mpaka rangi," alisema. "Nimekusomesha miaka yote hii uje uolewe na mpaka rangi."

"Ni mchoraji, Kaka."

"Hata mimi mageti napaka rangi. Mbona siitwi mchoraji?"

Nilikuwa bado naishi kwake, mimi mwanamke wa miaka thelathini, kwa sababu kila nilipotaja kupanga chumba alikuwa akiacha kula. Kwa wiki tano Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikwenda na kurudi kumbembeleza, mpaka akakubali kumwona kijana Jumapili moja mchana. Lakini Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo mimi nikaharibu. Nilimfuata karakana, nikamwambia ukweli: "Ukimkubali nitashukuru. Usipomkubali nitaolewa naye vilevile." Alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akaiweka juu ya meza taratibu. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akaukunja nyuma ya mgongo, akanilaza kifudifudi juu ya ile meza ya chuma na kunishikilia hapo hadi nikasema nimekoma. Mkono ulivimba toka kiwiko mpaka kiganja. Wifi, mke wake, alinikanda kwa maji ya chumvi. Tunaitana wifi yeye na mimi, na kwa miaka kumi tulikuwa tumekandana kwa zamu, leo yeye, kesho mimi, kama watu wanaopokezana kusuka nywele.

Mchoraji nilimwambia nimeulalia mkono vibaya.

Zawadi ilikuwa wazo langu, la tangu kabla ya Alhamisi ile. Aliniuliza, "Kaka yako anapenda nini?" Nikampa picha ndogo ya kupigwa, saizi ya kiganja, iliyokuwa kwenye kisanduku cha bati nilimoweka kumbukumbu za mama. Ni mimi siku ya kwanza ya shule, nimeketi mabegani kwa Kaka, wote wawili tunacheka. "Mchoree hii, kubwa," nilimwambia. "Akiiona atalainika." Alijifungia nayo mwezi mzima, akiichungulia kwa kioo cha kukuzia, na alikataa katakata kunionyesha kabla haijakauka.

Jumapili ile Wifi aliwapeleka watoto wao wawili kwa jirani, akafagia, akatandika vitambaa vyeupe kwenye makochi. Baba Mdogo alifika mapema, amevaa koti la karani alilostaafu nalo. Saa nane Mchoraji akabisha kwenye ule mlango wa chuma ambao Kaka aliutengeneza kwa mikono yake, mzito, wenye bawaba tatu na makomeo mawili. Alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa shuka.

"Shikamoo, Kaka. Shikamoo, Baba."

"Marahaba," Kaka akajibu. "Hiyo ndiyo ngazi ya kupakia rangi?"

Baba Mdogo alicheka peke yake. Mchoraji akaiegemeza picha ukutani, akafungua shuka.

Sijawahi kumwona Kaka vile. Alisimama. Akasogea. Akanyoosha kidole akagusa shati la yule kijana wa kwenye picha, lenye tundu begani. "Hili shati," alisema, sauti ikamkatika. "Hili shati nilizikiwa nalo baba. Yaani, nilimzika nalo." Macho yake yalijaa. "Kijana, huyu ni mimi. Huyu ni mimi kabisa."

Mchoraji alinitazama pembeni, uso umemng'aa kama mtoto aliyefaulu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliamini tumevuka.

"Mwalimu," Baba Mdogo akasema, akijinyoosha kwenye kochi, "wewe ndiyo kazi yako hii. Hebu tusomee picha, na sisi tulioishia darasa la saba tufaidi."

Nikasimama mbele yao. Nilianza kwa juu juu, kama mtu anayepaka siagi. Nikaeleza mwanga wa asubuhi unaowajia kutoka mbele, maana yake safari inaanza. Nikaeleza mabega: kijana ni mwembamba, lakini mchoraji ameyafanya mapana kuliko mwili, kwa sababu yamebeba nafasi ya baba na mama. Kaka aliitikia kwa kichwa. Nikaeleza daftari kwenye mkono wa mtoto, lilivyoshikwa juu kama bendera. "Na vicheko vyao," nikamalizia, "ndiyo moyo wa picha. Wamefiwa, lakini wanacheka."

"Hacheki huyo."

Ilikuwa sauti ya Wifi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe na birika, anaitazama picha, na nadhani hakujua kama amesema kwa sauti.

"Nani hacheki?" Kaka akauliza.

"Mtoto." Wifi akashtuka, lakini neno lishatoka. "Anaonyesha meno tu. Mtu akiumia huonyesha meno hivyo."

Kaka aligeuka kumtazama mkewe. Aligeuka taratibu. Mkononi alikuwa na glasi ya maji, akaiweka juu ya meza bila kutoa mlio hata kidogo.

"Weka chai, mama watoto," alisema kwa upole. "Tutaongea wageni wakiondoka."

Nilijua watakavyoongea. Na hapo nikaitazama picha, mara ya kwanza kwa kweli. Kwenye ile ndogo usingeona, lakini Mchoraji alikuwa amekuza kila kitu kwa uaminifu wake ule wa kijinga. Mkono wa kulia wa yule kijana ulikuwa umekishika kifundo cha mguu wa mtoto. Vidole vilikuwa vimezama kwenye nyama. Ngozi pembeni ya vidole imepauka, na vidole vya mguu vya mtoto vimejikunja kama makucha. Nikakumbuka kila kitu. Asubuhi ile nilikuwa nimegoma kwenda shule bila mama. Nilichapwa kwa waya. Kisha mpiga picha akapita, Kaka akanirusha mabegani, akakibana kifundo, akasema kwa chini, "Cheka."

Ningeweza kukaa. Lakini niliwaza Wifi na ile saa wageni watakapoondoka, mlango ufungwe makomeo yote mawili.

"Wifi amesoma vizuri kuliko mimi," nikasema. "Mtoto huyo ni mimi, na sicheki."

Baba Mdogo akajiinua kwenye kochi.

"Mwalimu..." Mchoraji akaanza.

"Tazameni mkono," nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, sikuitambua kama inatoka kwangu. "Mtu anayemshika mtoto asianguke humshika mapajani au mikononi. Huyu amekamata kifundo. Amekamata asitoroke. Tazameni vidole vilivyozama. Mchoraji alidhani anachora upendo, na upendo upo, mimi siukatai, nimelala kwenye kitanda chake. Lakini mkono wake ulichora ulichokiona."

"Umemaliza?" Kaka akauliza.

"Bado." Nikakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. Uvimbe ulikuwa umegeuka zambarau na manjano, na alama za vidole vinne zilionekana kama zimechapwa. "Baba Mdogo, ulitaka nikusomee. Mkono wa pale na mkono wa hapa ni wa mtu mmoja. Na mgongo wa Wifi..."

Kofi sikuliona likija. Nilijikuta sakafuni, sikio linavuma, mdomo una ladha ya chuma. Kiatu chake kikanipata ubavuni, mara moja, ya pili. Mchoraji akajitupa katikati.

"Kaka, basi! Kaka, nakuomba!"

"Unaniomba? Umeleta uchawi wako kwenye nyumba yangu, unaniomba?"

Kaka alikwapua picha ukutani kwa mikono miwili akaishusha juu ya mgongo wa Mchoraji. Fremu ikavunjika, turubai ikachanika, na yule kijana mwenye tundu begani akabaki nusu. Akaishusha tena na vipande vilivyobaki. Mchoraji hakurudisha hata pigo moja. Alijikunja juu yangu, nikasikia kila pigo likipita kwenye mwili wake na kunifikia mimi kama mtikisiko. Damu yake ilinidondokea shingoni, ya moto.

"Jamani! Jamani!" Baba Mdogo alikuwa anasema, amepanda juu ya kochi kama mtu aliyeona panya.

Kaka akamkamata Mchoraji kwenye kola, akamburuta hadi mlangoni, akamtupa nje. Lakini Mchoraji aliwahi kushika fremu ya mlango.

"Sitoki bila yeye."

"Toa mkono."

"Sitoki bila yeye, Kaka. Niue."

Kaka akaubamiza mlango.

Mimi nimesoma vitabu vingi vyenye vita na mauaji, na nimewaeleza watoto wa watu milio yote iliyoandikwa humo. Mlio ule haumo. Mchoraji hakupiga kelele mara ya kwanza. Kaka aliufungua mlango, akaubamiza tena, na mara ya pili ndipo Mchoraji alipolia, mlio mwembamba, kama wa mnyama mdogo. Mkono ulikuwa wa kulia.

Nililichukua birika kutoka kwenye sinia la Wifi nikamwagia Kaka chai yote shingoni.

Alinguruma, akanigeukia. Mikono yake ilinizunguka shingo na kunibandika ukutani. Niliona uso wake karibu kabisa, machozi yanamtoka, mdomo unasema, "Nimekulea. Nimekulea. Nimekulea." Miguu yangu iliacha sakafu. Chumba kikaanza kuwa chembamba, kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Kisha ukalia mlio kama wa kengele ya shule. Mikono ikalegea. Kaka alikuwa amepiga magoti, ameshika kisogo, na nyuma yake Wifi amesimama na sinia la chuma limepinda. Vikombe vilikuwa vipande chini. Alilinyanyua tena.

"Ukiinuka," alimwambia mume wake wa ndoa ya miaka kumi na mmoja, "nakuongeza."

Hakuinuka. Alimtazama Wifi kama mtu anayemwona mpangaji mpya.

"Wifi, kimbia," Wifi akaniambia.

"Na wewe?"

"Mimi nafuata watoto. Kimbia, mwenzako anavuja damu."

Hospitali walimpeleka moja kwa moja chumba cha kushonea. Nesi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alichukua fomu.

"Imekuwaje?"

"Mlango," Mchoraji akasema. Midomo ilikuwa imempauka. "Upepo uliufunga."

"Upepo," nesi akarudia, bila kuandika. "Na mgongoni? Nako upepo?"

Mchoraji akanitazama. Alikuwa ananilinda. Alikuwa ananipa njia ya kurudi nyumbani, akidhani naitaka.

"Andika kaka yangu," nikasema. "Kaka yangu wa damu. Alibamiza mara mbili, nilihesabu. Na mimi nina yangu ya kuandika, ukimaliza yake."

Nesi akaniangalia shingo, kisha mkono. Akachukua fomu ya pili, akamwita askari wa zamu. Askari alipouliza jina la mshitakiwa nilimtajia yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. Nilipotia saini, ilitoka saini ya mtoto.

Daktari alisema vidole viwili vimepondeka, cha shahada na cha kati, na kwamba mifupa itaunga lakini asitegemee vikunjike kama zamani. Alisema kwa haraka, halafu akatoka. Tukabaki wawili kwenye chumba chenye kitanda kimoja na harufu ya dawa. Nje kulikuwa bado mchana mweupe. Nilishangaa. Nilidhani limepita juma.

"Kwa nini hukuniambia?" Mchoraji akauliza.

"Ningesema nini?"

"Ulisema umeulalia vibaya mkono."

"Nilitaka akupende kwanza."

"Anipende!" Akasimama. "Mwezi mzima mimi nimekaa na uso wa yule mtu! Kila siku nampaka, nauongeza wema, nasema huyu ndiye aliyemlea mpenzi wangu! Wewe unajua, unanitazama, unanyamaza! Umenituma na zawadi kwenye pango la chui, Mwalimu, na hukunipa hata fimbo!"

Sauti yake ilipanda. Alipiga hatua moja kuja kwangu, mkono mzima umenyanyuka kama anavyofanya akiongea, na mimi nikafunika uso.

Sikuamua kuufunika. Mikono ilikwenda yenyewe, viwiko juu, magoti yakakunjika. Nilingoja. Nilikuwa nimefumba macho na nahesabu, kama nilivyozoea, kwa sababu pigo likichelewa huwa kubwa.

Halikuja. Nilisikia kitu kikishuka, nguo ikisugua ukuta. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa chini. Amekaa sakafuni kwenye vigae, mgongo ukutani mbali na mimi, mkono uliofungwa ameupakata na ule mzima ameuweka wazi juu ya goti. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

"Nimekasirika," alisema, pole pole sasa. "Sijaacha kukasirika. Lakini nitakasirikia hapa chini."

Nikakaa nami, upande wa pili wa chumba. Tukagombana hivyo, kila mtu kwenye ukuta wake, saa nzima. Aliniambia nimemdanganya, na ni kweli. Nilimwambia alikuwa na kioo cha kukuzia mwezi mzima akaona nyuzi za shati asione mguu wa mtoto, na hilo nalo kweli.

"Nilidhani ni kivuli," alisema. "Niliona vidole vimezama, nikasema ni picha mbovu, ya zamani. Nikachora tu kama ilivyo."

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Nesi alipoingia na vidonge alitukuta sakafuni, akatuangalia mmoja mmoja juu ya miwani yake.

"Vitanda vya hospitali hii vina nini?" akauliza.

Ndipo tulipocheka, na mbavu zangu zikaniuma hata nikalia.

Kaka alikamatwa jioni hiyohiyo akiwa karakana, anachomelea geti la mteja kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikaa mahabusu siku kumi na moja, kisha Baba Mdogo akamwekea dhamana. Alikatazwa kutukaribia mpaka kesi iishe. Alinitumia salamu kwa watu, zote zikiwa na neno lilelile, nimekulea, na kila salamu niliirudia kimoyomoyo, kwa maana ni kweli alinilea. Kuna usiku nilikuwa karibu kurudi kumpikia. Sikurudi.

Mkuu wa shule alinipa nyumba ya mwalimu, vyumba viwili na baraza. Siku ya nne Wifi akaja na watoto wake na furushi moja. Hakuuliza kama kuna nafasi, na mimi sikungoja aulize. Watoto walilala mchana kutwa, kama watu waliokuwa na deni la usingizi.

Baada ya mwezi na nusu Mchoraji akaja kuniposa upya, rasmi, amevaa shati jeupe na bendeji. Alikuja peke yake. Baba Mdogo alikuwa ametuma ujumbe kwamba yeye mambo haya yamemshinda, presha inapanda. Kwa hiyo upande wetu hapakuwa na mzee wa kukaa mbele. Wifi akakivuta kiti pekee chenye mgongo, akakaa yeye, akaweka mikono kwenye mapaja. Mchoraji akabaki wima katikati ya chumba kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Haya," Wifi akasema. "Umefuata nini?"

"Nimemfuata Mwalimu, Wifi. Kama atanikubali na nyinyi mkanikubali."

"Kazi unayo? Mkono huo?"

"Herufi za mabango nazimudu. Nyuso bado. Daktari anasema nifanye mazoezi."

"Pombe?"

"Sinywi."

"Mke mwingine mahali?"

"Hapana, Wifi."

Wifi akasogea mbele kwenye kiti. Alikuwa na jambo moja zaidi. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza.

"Ukikasirika," alisema, "mikono yako unaiweka wapi?"

Nadhani Mchoraji aliona kwamba hakuna neno la mwanamume linaloweza kujibu swali lile. Akanielekezea macho.

"Muulize yeye," akasema. "Ameniona."

Wifi akanigeukia. Hakuwa ananitania. Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye angesimama pale pale na kumtoa nje, bendeji na yote, kama ningesita hata kidogo.

"Hukaa chini, Wifi," nikamwambia. "Alikasirika, nikafunika uso, yeye akakaa chini sakafuni. Akaendelea kukasirika hukohuko."

Wifi alimwangalia Mchoraji tangu viatu mpaka nywele, na akarudi kwenye ile mikono miwili, mzima na mbovu. Aliangalia muda mrefu. Chumba cha pili mtoto alijigeuza kitandani akanyamaza tena.

Kisha Wifi akainuka.

"Basi mpe kiti," alisema, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.